Dirisha la Bafu la Bi Kache

Mwezi ule Bi Kache alikuwa na kazi moja kubwa: kumkanda mkaza mwanawe, Kahaso.

Kahaso alikuwa amejifungua mtoto wa kike katika hospitali ya Msambweni. Mtoto alipewa jina la nyanya yake, kama ilivyo desturi ya kwao. Kwa hiyo nyumba yao ya kijijini Kinondo, karibu na bahari, ikawa na Kache wawili. Mmoja alikuwa na miaka sitini na mitatu. Mwingine alikuwa na siku mbili. Bi Kache hakumwita mtoto kwa jina. Alimwita "somo yangu," na kila alipotamka maneno hayo uso wake ulinawiri.

Bi Kache namjua vizuri. Ni mwanafunzi wangu katika darasa la kisomo cha watu wazima. Ni mbishi kuliko wanafunzi wangu wote, na huandika herufi kubwa kama milango. Ameniruhusu nieleze yaliyompata.

"Eleza yote, mwalimu," aliniambia. "Usinifichie kosa langu."

Basi sitamfichia.

Kwa watu wetu, mwanamke akijifungua huitwa mzazi, na hukaa ndani siku arobaini. Asubuhi na jioni hukandwa kwa maji ya moto. Hukandwa mgongo, nyonga na tumbo, taratibu, mpaka jasho limtoke. Siku hizo zote hatakiwi kupigwa na upepo. Bi Kache alifanyiwa hayo na mama yake, naye alitaka kumfanyia Kahaso.

Lakini magoti ya Bi Kache yalikuwa yamechoka. Mwanawe Sanga, mume wa Kahaso, alimwonea huruma. Sanga hufua shuka katika hoteli moja ya Diani, na huko alizoea kuona maji ya moto yakitoka mferejini.

"Mama," alisema, "hutainama tena kwenye mafiga. Nimenunua hita ya gesi. Utafungua mfereji tu, maji yatoke yakiwa moto."

"Mwanangu, Mungu akubariki," alijibu Bi Kache.

Sanga alimpigia simu Fundi Garama. Huyu ni mtu wa hapahapa Kinondo. Amekuwa akitengeneza friji, viyoyozi na hita tangu Sanga akiwa shule ya msingi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hujambo, Sanga?"

"Sijambo. Nina hita ya gesi. Nataka uje uifunge kesho bafuni."

"Kesho niko Munje. Jumamosi asubuhi nitakuja nilione bafu kwanza."

"Ulione? Fundi, si ni bafu tu?"

"Ndiyo, lakini sijaliona. Usiiwashe mpaka nije."

Sanga alikata simu akinung'unika. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, na Kahaso alikuwa anarudi nyumbani Alhamisi. Sanga alitaka akute maji ya moto tayari. Simlaumu kwa kumpenda mkewe. Namlaumu kwa pupa yake.

Jumatano alimleta Cliff, mtu wa bara anayefunga madishi ya televisheni Ukunda. Cliff alikuja na mashine ya kutoboa ukuta. Haikupita saa moja akawa amemaliza. Hita aliifunga ndani ya bafu, mtungi wa gesi akauweka chini yake, na kibomba kifupi cha kutoa moshi akakitokeza upande wa baharini.

"Iko sawa, bro," alisema Cliff. "Ukifungua maji, inajiwasha yenyewe."

Sanga alimshukuru. Kwa Fundi Garama hakupiga simu tena. Aliona haya kumwambia kwamba hakumngoja.

Alhamisi jioni Bi Kache alimkanda Kahaso kwa mara ya kwanza nyumbani. Maji yalikuwa moto vizuri. Walipotoka, Kahaso alijishika kichwa.

"Mama, kichwa kinanigonga."

"Hata mimi kinaniuma," alisema Bi Kache. "Ni upepo. Unaingia kwenye lile dirisha."

Dirisha la bafu lilikuwa dogo, la vioo vinavyofunguka. Bi Kache alichukua kanga yake kuukuu, akaikunja, akaziba nayo nafasi yote ya vioo. Chini ya mlango akaweka gunia.

Ijumaa kichwa kilizidi. Kahaso alitapika. Bi Kache alihisi kizunguzungu mpaka akashika ukuta. Walipokaa chumbani kwa muda walipata nafuu, wakasahau. Bi Kache akaona upepo bado unapenya. Akaongeza blanketi juu ya kanga.

Hapo ndipo moyo wangu huniuma kila nikilikumbuka jambo hili. Mama wa watu alikuwa akimlinda mkwewe kwa nguvu zake zote, na kila alichofanya kilizidisha hatari.

Jumamosi asubuhi Sanga alikuwa kazini. Mercy, mdogo wake Kahaso, alikuwa uani amempakata mtoto. Hita ilikuwa ikivuma bafuni. Sauti ya Bi Kache ilisikika kwa mbali, nzito kama ya mtu mwenye usingizi.

"Mercy, niletee somo yangu nimwogeshe."

Mercy alisimama na mtoto. Alipofika mlangoni mwa bafu, alisikia mtu akibisha hodi uani.

Alikuwa Fundi Garama. Alisema angekuja Jumamosi, naye alikuwa amekuja.

"Karibu, fundi," alisema Mercy. "Shikamoo."

Fundi hakuitikia. Alikuwa akisikiliza mvumo wa hita. Alitazama dirisha la bafu, akaiona kanga.

"Nani yumo mle ndani?"

"Dada na mama."

"Mtoto asiingie! Mpeleke mbali, kisha uje unisaidie."

Aligonga mlango. Hakuna aliyejibu. Fundi Garama ni mtu wa haya, na mwenye haya haingii bafuni kwa mzazi. Siku hiyo haya aliiweka kando. Alivuta pumzi nje, akaibana, akausukuma mlango na gunia lake. Akafunga mtungi wa gesi. Akavuta ile kanga na blanketi, vikaanguka.

Bi Kache alikuwa amekaa chini, kichwa kimeegemea ukuta. Kahaso alikuwa amelala sakafuni. Fundi na Mercy waliwatoa mmoja mmoja mpaka uani, penye hewa. Mercy akamfunika dada yake kwa leso.

Bi Kache alifumbua macho kwanza. Aliona mzazi amelazwa nje, na upepo wa kusi ukivuma.

"Mwingizeni ndani!" alisema. "Atapigwa na upepo!"

"Mama," alisema Fundi Garama, "sasa hivi upepo ndio anaouhitaji. Amevuta sumu."

Bi Kache alimtazama Kahaso. Alimwita. Kahaso hakuitika. Alimwita tena. Ndipo yule mama mbishi alipoacha kubisha, akaanza kulia.

Jirani alileta gari. Kabla halijaondoka, Fundi Garama alimwambia Mercy:

"Mkifika hospitali, sema wamevuta hewa ya hita ya gesi bafuni. Usisahau. Mkisema mzazi amezimia tu, watadhani ni kupungukiwa damu ya uzazi. Mtoto naye apimwe, hata kama hakuingia."

Mercy alisema hivyohivyo. Muuguzi Rispah hakupoteza muda. Aliwavalisha Kahaso na Bi Kache vifuniko vya puani na mdomoni vya kupitisha oksijeni.

Sanga alifika akiwa bado na sare ya kazi. Alimkuta mama yake kitanda kimoja na mkewe kitanda cha pili. Akakaa chini katikati yao.

"Gesi inapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha," Rispah alimweleza, "hutoa hewa ya sumu. Huwezi kuiona. Haina harufu. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, hutapika, hulegea. Kisha hulala, na wengine hawaamki."

"Waliumwa kichwa tangu Alhamisi," alisema Sanga.

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Hiyo ndiyo dalili. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wakipata nafuu, zimeni moto, fungueni milango, mtoke, mje hospitali."

Sanga alisogea kitandani kwa mkewe. Akaushika mkono wake. Saa zilikwenda. Alasiri, Kahaso alifumbua macho.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko na Mercy. Ni mzima," alisema Sanga, na machozi yakamtoka mbele ya watu.

Walikaa hospitali siku tatu. Waliporudi, Fundi Garama aliitwa, nami nilikuwepo. Sanga alimwita na Cliff pia. Cliff aliiona hita ikiwa imefanya masizi meusi usoni, akayafuta kwa kidole.

"Mzee, mimi nilijua ni paipu tu," alisema. "Kazi yangu ni madishi. Nilipaswa kusema sijui."

"Umesema leo. Njoo utazame," alimjibu Fundi Garama.

Aliwaonyesha moja baada ya jingine. Hita ya namna ile haikupaswa kufungwa ndani ya bafu. Kibomba cha moshi kilikuwa kifupi, na kilielekea unakotoka upepo wa kusi. Upepo uliusukuma moshi ukarudi ndani. Tena ndani ya kibomba nyigu walikwisha kuanza kujenga kwa udongo.

"Nyigu wa huku hawachelewi," alisema. "Ukiacha tundu wazi wiki moja, wamehamia. Chumvi ya bahari nayo hula chuma. Hita ikishika kutu, haiwaki vizuri. Moto mzuri ni wa buluu. Ukiona wa manjano, au ukiona masizi, zima, uniite."

"Lakini huko mjini watu wanaoga kwa hita hizi," alisema Sanga.

"Wanaoga dakika tano. Hapa mzazi anakandwa nusu saa na zaidi, asubuhi na jioni, na dirisha limezibwa. Mimi ni mtu wa hapa, Sanga. Mke wangu alikandwa mara sita. Uliponiambia una hita, nilijua mzazi yuko njiani. Ndiyo maana nilitaka kuliona bafu."

Bi Kache alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto mapajani.

"Kwa hiyo ni mkono wangu huu," alisema. "Mimi ndiye niliyeziba. Nami ndiye niliyesema mtoto aletwe."

Fundi Garama alichuchumaa mbele yake.

"Mama, kuziba dirisha kulizidisha hatari. Sitakudanganya. Lakini hata lingekuwa wazi, hita ile haikuwa mahali pake. Na wewe hukuambiwa. Aliyeifunga alipaswa kukuuliza: mnaoga vipi humu? Nani anaoga? Huwa mnaziba wapi?"

"Hakuna aliyeniuliza," alisema Bi Kache.

"Basi mimi nakuuliza."

Wakaongea kwa muda mrefu, fundi na mama. Sijapata kumwona Bi Kache akimsikiliza mtu hivyo, hata mimi mwalimu wake hanisikilizi hivyo.

Kazi ilichukua siku mbili. Fundi Garama aliihamisha hita nje, chini ya upenu, upande usiopigwa na kusi na mbali na madirisha. Mtungi nao ukakaa nje. Alibadilisha mpira wa gesi, akapaka povu la sabuni kwenye viungo ili aone kama gesi inavuja. Bomba la maji ya moto tu ndilo lililoingia bafuni. Cliff alitoboa ukuta pale alipoonyeshwa, si kwingine.

Kisha fundi akafanya jambo ambalo Bi Kache hulisimulia mpaka leo. Alitoa vioo vya dirisha la zamani, akajenga tofali hapo. Juu kabisa, karibu na dari, akafungua matundu mapana ya hewa, akayawekea wavu.

"Hewa ipite juu ya kichwa," alisema. "Mzazi akikaa kwenye kigoda, upepo haumpigi. Lakini bafu linapumua."

Bi Kache aliketi kwenye kigoda. Aliinua mkono, akahisi hewa juu. Akaushusha, akahisi utulivu.

"Haumpigi," alikubali.

Kabla ya kuondoka, Fundi Garama aliiwasha hita, wakautazama moto wote pamoja. Ulikuwa wa buluu. Aliahidi kurudi kila baada ya miezi sita kuisafisha chumvi na kutazama nyigu. Naye hurudi kweli. Akichelewa siku moja, Bi Kache humfuata kwake, maana nyumba yake anaijua.

Kahaso alimaliza arobaini yake akiwa na nguvu. Kichwa hakikumuuma tena. Siku ya kutoka ndani, alipika mwenyewe, na Fundi Garama akapewa sahani ya kwanza. Sanga alimpakulia.

"Fundi, laiti ningekungoja siku tatu tu," alisema.

"Kula, chakula kinapoa," alisema Fundi Garama.

Wiki iliyofuata Bi Kache alirudi darasani. Hakukaa mahali pake pa kila siku. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu.

"Mwalimu, leo sitaki a, e, i. Nataka kuandika jambo langu mwenyewe."

Nilimtamkia herufi moja moja. Aliziandika kwenye daftari mara nyingi, akafuta, akaandika tena, mpaka wenzake wakaenda zao. Kisha akakunja karatasi, akaiweka kifuani, akaondoka bila kuaga.

Jioni nilipita kwao. Kwenye ukuta wa bafu, chini ya matundu ya hewa, alikuwa ameandika kwa mkaa, kwa herufi zake kubwa kama milango. Mtoto alikuwa mgongoni mwake, amefungwa kwa ile kanga kuukuu iliyokuwa imeziba dirisha.

Nilisoma kwa sauti, naye akanifuatisha kwa kidole:

USIZIBE HAPA. SOMO YANGU ANAOGA.