Vilele Viwili

Lifti ya hospitali ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, saa nne asubuhi, watu wamejaa pomoni. Aliyeufungua mlango alikuwa fundi mwenye ovaroli ya buluu na tabasamu la uchokozi. Alimnyooshea mkono msichana wa maabara, aliyekumbatia sanduku la damu kama mtoto mchanga.

"Nipe hilo kwanza."

"Likidondoka utanitambua!"

"Basi njoo wewe. Ukidondoka nitakudaka kwa furaha."

Watu wakaangua kicheko. Msichana naye akacheka, ndipo alipokwisha.

Mwaka mzima wakawa wanapigiana simu kila mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nikisikia sauti yako nashiba."

"Haya, konda."

Walipopanga ndoa, fundi mwenyewe akakunja mkono wa shati. "Nitoe damu, Daktari wangu. Nataka kuingia ndoani nimekaguliwa."

Msichana aliipitisha ile damu kwenye mtambo wake. Ndani mna bomba jembamba lililoshindiliwa chembe zenye chaji hasi. Himoglobini, protini inayoipa damu wekundu, hunata humo kwa chaji yake chanya, kisha maji ya chumvi, yakiongezwa ukali kidogo kidogo, huing'oa. Ya kawaida hutoka mapema. Ya selimundu ina chaji chanya zaidi, hivyo hung'ang'ania na kuchelewa. Kila moja huchora kilele chake kwenye karatasi.

Vya fundi vilikuwa viwili, cha kawaida na cha selimundu.

Msichana akajaribu bomba jingine, lenye chaji chanya: mara hii ya selimundu ikatangulia, lakini vilele vikabaki viwili. Lilikuwapo na bomba linalotenganisha kwa ukubwa. Hilo lingempa kilele kimoja, maana zote mbili zinalingana kwa ukubwa. Hakuligusa. Angekuwa anajidanganya.

Siku tisa hakupokea simu. Ya kumi, fundi akamkuta kwenye ngazi za maabara, shati halijapigwa pasi.

"Ni nani huyo mwingine?"

Akampa karatasi. "Hakuna mwingine. Umebeba selimundu. Huumwi, lakini umebeba. Na mimi nimebeba. Nilijua tangu chuoni."

"Tangu chuoni, na ukanyamaza?"

"Nilijipa moyo kwamba wewe utakuwa salama."

Fundi akakaa chini pale pale. "Mdogo wangu wa mwisho alikufa kwa hicho kitu. Miaka tisa. Nilikuwa nambeba mgongoni, analia mifupa, namwambia tumefika, na hatujafika."

"Atakayeugua ni mtoto mmoja kati ya wanne, mpenzi."

"Huyo mmoja nitamwambia nini? Kwamba nilimpenda mama yake kuliko yeye?"

"Basi tusizae."

"Wewe? Unayesimama kila korido kuchekesha watoto wa watu?"

Fundi akambusu kwenye paji la uso, akakawia hapo, kisha akasema, "Usinipigie. Ukinipigia nitarudi."

Jioni simu ikalia. Alikuwa mama yake fundi.

"Mkwe wangu! Kitambaa cha gauni kimepatikana, rangi ile ile uliyoitaka. Mbona kimya? Unalia?"

"Mama... mtoto wako wa mwisho, ni kweli aliuawa na selimundu?"

"Nani kakupa habari zake?"

Msichana akamweleza yote, yale aliyopaswa kuyasema mwaka mmoja uliopita.

"Mwache, mwanangu," mama akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Nakupenda, lakini siwezi kuzika tena."