Kidole Tumbo cha Yasna

Mwezi wa Oktoba upepo wa mji wa Punta Arenas, ng'ambo ya bahari kutoka Antaktika, hauna adabu. Unang'oa mabati. Unabeba kofia za watu wazima. Katikati ya mji hufungwa kamba kando ya barabara, ili wapita njia wapate cha kushika.

Jioni moja Yasna Mansilla aliingia nyumbani kinyumenyume, akisukuma mlango kwa mgongo. Nywele zilikuwa zimemjaa usoni. Nguo zake zilinuka samaki.

"Funga mlango! Unatuletea Antaktika ndani!" mama yake, Bi Nelda, alipiga kelele kutoka jikoni.

"Acha ije yenyewe, Mama. Maana mimi kwenda sijaenda."

Yasna alikuwa na miaka ishirini na minne. Alisomea viumbe vya baharini, na mwaka uliopita alimaliza chuo kikuu. Alichokipenda kuliko vyote ni mwani, hasa ule unaoota kwenye maji ya barafu kule kusini mwa dunia. Tangu utotoni aliziona meli za watafiti zikipakia mizigo bandarini na kuondoka. Siku zote alisema, "Na mimi nitapanda." Lakini baada ya masomo, kazi aliyoipata ilikuwa kufungasha samaki kiwandani.

Si kazi mbaya. Ilimpa chakula na buti nzuri. Ila kila meli ilipoondoka, Yasna alisimama dirishani na kisu mkononi mpaka msimamizi amwite.

Sasa meneja alitaka yeye ndiye awe msimamizi. Alimpa hadi Ijumaa ajibu. Cheo kilikuwa kizuri, lakini msimamizi hapewi likizo wakati wa kiangazi. Na watafiti wengi huenda Antaktika kiangazi. Akisema ndiyo, ndoto yake ingefungashwa pamoja na samaki.

Hata hivyo jioni hiyo nyumba ilikuwa na furaha, kwa sababu Shangazi Fresia alikuwa na mpango.

Shangazi Fresia alikuwa dada mkubwa wa baba. Mtaa mzima ulimwogopa kidogo. Alikuwa amekaa karibu na jiko la kuni, akipokea kibuyu cha chai chungu kutoka kwa mdogo wake, Mzee Rosamel, baba yake Yasna. Mkate wa kukaanga ulikuwa mezani, na jamu ya kalafate, tunda dogo jeusi la porini.

"Njoo ukae, mwari wangu," alisema Shangazi. "Kliniki wamekubali. Alhamisi asubuhi unakatwa."

"Alhamisi hii?" Yasna aliuliza.

"Hii hii. Kidole tumbo kinatoka, safari inafunguka. Nani asiyejua? Bila kovu hupandi ndege ya Antaktika."

Kweli, mjini pale nani hakujua? Rafiki yake Shangazi, Bi Barrientos, aliwahi kuishi miaka miwili na mume wake mwanajeshi kwenye kituo cha kule. Wote walikatwa kabla ya kuondoka, baba, mama na watoto. Miaka mingi baadaye Bi Barrientos bado aliwaonyesha wageni kovu lake, hata wale ambao hawakuomba kuliona.

Mzee Rosamel alikuwa ametoa akiba yake ya kwenda kwao, kisiwani Chiloé, ili alipie upasuaji. Hakulalamika. Alimwaga maji ya moto kwenye kibuyu, akampa binti yake.

"Kunywa," alisema. "Ng'ombe wa kwetu watanisubiri."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Danitza Oyarzún, jirani aliyehamia chumba cha nyumba ya pili miezi miwili iliyopita.

"Samahanini, jamani. Upepo umenitupia shuka kwenye ua wenu."

"Ingia, mama, upepo usikuchukue na wewe!" alisema Bi Nelda.

Danitza alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alikuwa akichunguza jinsi barafu inavyoyeyuka, na alishakwenda Antaktika mara tatu. Yasna alilijua hilo. Kila asubuhi alimsalimia, akatamani kumuuliza mambo mia, kisha akainamisha kichwa na kupita. Alimwona mkubwa mno. Hayo ndiyo mambo ya watu wenye haya: kisima kiko mlangoni, nao wanakufa kwa kiu.

Danitza alikaa, akapewa mkate. Akaiona fulana ya Yasna ya chuo.

"Kumbe ulisoma viumbe vya baharini! Mbona hukusema? Alhamisi tuna mkutano wa watafiti vijana. Uje."

"Alhamisi hawezi," Shangazi alijibu kwa fahari. "Anakatwa."

"Anakatwa nini?"

"Kidole tumbo."

"Pole sana! Kinamuuma?"

"Hakimuumi kabisa," alisema Shangazi. "Anakwenda Antaktika."

Danitza aliutazama mkate wake. Akamtazama Shangazi. Kisha alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaweka mkate chini asije akapaliwa.

"Unacheka nini, wewe binti?" Shangazi alikasirika.

"Nisamehe, Shangazi. Hebu mniangalie mimi. Nimekwenda mara tatu, na kidole tumbo changu ninacho. Kimefika huko na kurudi, hakijawahi hata kuumwa kichwa."

Kuni zililia jikoni.

"Na kina Barrientos je?" Shangazi aliuliza.

"Wao walikwenda kuishi, tena na watoto. Miezi ya baridi kule, mgonjwa anaweza kukosa ndege ya kumtoa, na chumba cha upasuaji kiko mbali. Kwa hiyo familia kama zile ziliambiwa zikatwe kabisa. Lakini mtafiti anayekwenda wiki chache hupimwa afya tu. Moyo, damu, meno. Kila kituo kina masharti yake, na masharti unayauliza kwa wenyewe. Huyaulizi dukani."

"Mimi sikuuliza dukani," Shangazi alinung'unika. Ila aliuliza dukani.

"Halafu kuna jambo baya zaidi," Danitza aliendelea. "Jumanne ijayo chama chetu kina zoezi la kujiokoa majini, hapa hapa pwani. Kuna meli ya mafunzo kwa watafiti wanaoanza, inaondoka Januari. Asiyefanya zoezi haingii kwenye orodha. Ungekatwa Alhamisi, Jumanne ungekuwa kitandani na kidonda kibichi."

Bi Nelda alijishika kichwa. "Yesu wangu! Tulikuwa tunalipa ili abaki!"

Yasna alihisi joto usoni, na si la jiko. Yeye ndiye msomi wa nyumba. Angeweza kuuliza kwa simu moja tu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na yeye alikuwa amesoma miaka mitano bila kuuliza hilo.

"Maombi yako uliyapeleka wapi?" Danitza alimuuliza.

"Maombi gani?"

"Ya kwenda, dada!"

"Mimi... nilikuwa nasubiri Profesa aliyenifundisha chuoni aniite. Niliona si adabu kujipendekeza."

Hapo Mzee Rosamel, ambaye hupenda kusema kidogo, aliweka kibuyu chini.

"Mwanangu, nyumba ya babu yako ilihamishwa nzima nzima kutoka kilimani hadi ufukweni. Ilivutwa na ng'ombe wa watu wengine. Unadhani walikuja wenyewe?"

"Ilikuwa minga, Baba. Kazi ya ujima. Kila mtu alisaidia."

"Walisaidia kwa sababu babu yako aliwaomba. Alikwenda mlango kwa mlango, kofia mkononi. 'Nina nyumba ya kuhamisha. Utakuja?' Bila kuomba hakuna minga. Kuomba ndiyo adabu yenyewe. Halafu siku ya kazi unawalisha, na kesho wakikuita unakwenda. Sasa wewe nyumba yako imekaa kilimani, unangoja ng'ombe wakuote ndotoni?"

Hata Shangazi alicheka.

Yasna alivuta kiti karibu na Danitza. Haya zilikuwa zimemtoka. Alianza kuuliza, na aliuliza kama mtu aliyefungwa mdomo mwaka mzima.

"Hicho chama kiingilio chake ni peso ngapi?"

"Bure. Ni chama cha watafiti vijana wa ncha zote mbili za dunia, kaskazini na kusini. Ukijiandikisha, matangazo yanakuja kwa barua pepe: kazi, mafunzo, nafasi za masomo. Na ukiona mtu anakudai pesa ili akupeleke Antaktika kufanya utafiti, kimbia."

"Sina shahada ya uzamivu. Watanipokea?"

"Mafunzo mengi ni ya watu kama wewe, waliomaliza juzi. Mwenye uzamivu wa zamani ndiye anayekataliwa, maskini."

"Na kama meli nisipoipata?"

"Meli si mlango pekee. Vichupa vya maji na mwani vinarudi hapa kila mwaka, vimejaa kwenye friji za maabara. Nani anavichunguza? Watu ni wachache. Unaweza kufanya kazi ya ncha ya dunia ukiwa hapa hapa, umevaa ndala. Kuna makongamano yanayowalipia vijana nauli. Unapeleka bango la utafiti wako, unasimama pembeni yake, watu wanakuuliza. Mimi kazi yangu ya kwanza niliipata nimesimama hivyo, na miguu inauma."

"Nani atanielekeza kuandika?"

"Chama kinakutafutia mlezi wa kitaaluma. Wangu alinisahihishia barua mara saba. Nilimchukia. Sasa ndiye rafiki yangu. Ukiona vyaelea, vimeundwa."

Shangazi Fresia alikuwa akisikiliza kwa makini. "Na wapishi wanataka?" aliuliza ghafla.

"Wanataka sana, Shangazi. Wapishi, mafundi wa jenereta, wapiga mbizi, watu wa redio."

"Aa. Mimi nauliza tu."

Asubuhi, kabla ya zamu, Yasna alimpigia Profesa. Alisema aliyofundishwa na Danitza: anataka nini, kwa ajili ya safari gani, na barua ya kumpendekeza inahitajika lini.

"Yasna!" Profesa alisema. "Nilidhani umeacha fani. Mbona ulinyamaza? Nitaandika leo."

Siku ya Alhamisi, badala ya kwenda kliniki, alikwenda mkutanoni. Ijumaa alipeleka maombi, kisha akaingia ofisini kwa meneja.

"Nashukuru kwa cheo, bosi, lakini sitakichukua. Naomba nibaki mfungashaji. Na nikiitwa safari, naomba ruhusa bila mshahara."

Meneja alimtazama kana kwamba amemwambia samaki wanaruka. "Utajuta."

"Huenda. Lakini nisipojaribu nitajuta zaidi."

Jumanne ilifika na mvua ya mawe. Vijana kumi na wawili walisimama ukingoni mwa Mlango-bahari wa Magellan, wamevaa suti nyekundu za kujiokolea, wanene kama magunia. Wazazi na majirani walikuja kutazama. Shangazi Fresia alikuja na chupa ya supu.

"Ruka, mwari wangu!" alipiga kelele. "Tumbo lako zima!"

Yasna aliruka. Maji yalimpiga usoni kama kofi. Kwa muda kidogo hakupata pumzi, hakujua juu ni wapi. Kisha akakumbuka mafunzo. Alilala chali, akashikana mikono na wenzake, wakapiga miguu pamoja hadi kwenye boti la mpira. Kupanda kulikuwa vita. Aliteleza mara mbili. Mara ya tatu alijitupa ndani kwa tumbo, akabaki amelala pale akicheka na kutetemeka, na ufukweni watu wakishangilia.

Desemba majibu yakaja. Yasna hakuchaguliwa. Aliwekwa kwenye orodha ya akiba, wa kwanza.

Alilia jioni nzima. Bi Nelda alikaa naye. Danitza alikuja, akamwacha alie, kisha akasema:

"Umemaliza? Haya, sikiliza. Wa akiba hufunga mizigo kama aliyechaguliwa. Wengine wanatoka mbali, na hali ya hewa ya hapa haina rafiki. Wewe unakaa hapa hapa. Umepimwa afya?"

"Bado jino moja."

"Kazibe jino."

Yasna aliziba jino. Alifunga begi, akaliweka karibu na mlango. Alianza pia kwenda maabara ya chuo siku zake za mapumziko, kuchambua mwani wa friji. Profesa alimpa meza ndogo karibu na dirisha. Furaha yake ilikuwa ya kweli, hata bila meli.

Siku moja ya Januari simu ya Yasna ililia kiwandani; walikuwa waandaaji wa safari. Dhoruba ilikuwa inakuja. Meli ingeondoka jioni ile ile badala ya kesho yake, na mwanafunzi mmoja alikuwa amekwama mji mkuu, ndege hazitui.

"Vipimo vyako vimekamilika. Unaweza kufika bandarini saa kumi?"

"Naweza!" Yasna alipiga kelele, mpaka mashine ya jirani ikazimwa ili watu wasikie. Meneja alitoka ofisini. Alitazama saa, akamtazama Yasna.

"Unangoja nini? Kimbia!"

Alikimbia. Mzee Rosamel alileta begi kwa gari la mizigo la jirani. Bi Nelda alimkumbatia hivyo hivyo, Yasna akiwa bado amevaa aproni ya samaki. Shangazi Fresia alimtia mikate mfukoni, akamwambia amuulize mpishi wa meli kama kazi ni ngumu.

Siku ya sita, Yasna alipiga magoti kwenye mawe ya kisiwa cheupe. Pengwini walipiga kelele nyuma yake. Alitia mkono kwenye maji, akavuta jani la mwani, jekundu, refu, likiteleza vidoleni. Alilitazama bila kupumua. Lilikuwa hai.

Kiongozi wa safari alimpa kichupa kilichobandikwa karatasi, na kalamu.

"Andika tarehe na mahali. Na jina la mkusanyaji."

"Jina la nani? La Profesa?"

"Nani ameutoa majini?"

"Mimi."

"Basi."

Yasna aliandika jina lake. Herufi zilitoka zimepinda, kwa hiyo alibandua karatasi, akaomba nyingine, akaandika tena polepole, na ukoo wa baba na wa mama: *Yasna Mansilla Barría*. Kisha akafunga kichupa na kurudi majini kutafuta jani la pili.