Niliuza Bega la Papa Dieudo kwa Jumamosi Moja

Nina miaka kumi na sita, bado nasoma, na walimu wangu watatu wameshaapa kwamba nitaishia jela au redioni. Darasani mimi ndiye wa kuchekesha. Ukimwona mwalimu wa hesabu anatembea na chaki nyuma ya suruali, usiulize ni kazi ya nani.

Lakini wasomaji wenzangu, kuna jambo watu hawalijui kuhusu mchekeshaji... Kengele ikilia, kila mtu anaondoka na rafiki yake. Yeye anaondoka na begi lake.

Tunaishi mtaa wa Umbilo, huku ukimbizini kusini mwa Afrika, mimi na mama, ghorofa ya tatu. Mama anasuka nywele saluni, na Jumamosi ndiyo siku wateja wanamwagika. Baba alibaki Burundi, au Tanzania, inategemea unamuuliza nani. Kwa hiyo Jumamosi zangu zilikuwa za kuhesabu nyufa za dari. Mpaka Papa Dieudo alipokuja kugonga mlango.

Papa Dieudo ni Mkongo wa Uvira, fundi cherehani, anakaa ghorofa ya chini yetu. Mke alifariki, watoto wako Australia. Mteja wake mmoja, mkulima, alimchukua siku moja kwenda kupiga visahani. Mashine inarusha kisahani cha udongo hewani, nawe unakipasua kwa bunduki ya marisau. Mzee alirudi kama mtu aliyeokoka mara ya pili! Alisema harufu ya baruti ilimrudishia marehemu baba yake, aliyekuwa akiwinda kanga kule kwao.

Basi akataka bunduki yake mwenyewe, ya visahani na ya kanga wakati wa baridi kwenye shamba la yule mkulima. Makaratasi ya ukaazi anayo. Mtihani wa silaha aliupita kwa kukariri. Kilichomshinda ni kuchagua... na Kiingereza. Kiingereza chake kinatosha kusema zipu imekatika, hakitoshi kununua bunduki.

Sisi watoto wa wakimbizi si mnatujua? Tangu tuna miaka saba tunawatafsiria wakubwa kila kitu: hospitali, ofisi za vibali, hata barua za shule zinazotusema sisi wenyewe. Hizo za mwisho mimi huwa nazitafsiri vizuri mno.

Dukani kulikuwa na bunduki mbili alizozipenda. Zote ukifyatua zinajipakia zenyewe, na zilifanana hadi nikazipa majina ya pacha wa kwetu, Bukuru na Butoyi. Bukuru inajipakia kwa gesi ya risasi. Ni nzito kidogo na inachafuka haraka, lakini haipigi bega sana. Butoyi inajipakia kwa nguvu ya kurudi nyuma. Ni nyepesi, safi, unaibeba porini siku nzima... ila teke lake, eish, ni la punda. Tofauti ni hiyo tu. Ukizilaza kitandani, hata mama yao angekosea!

Kila Jumamosi tulipanda taxi, tukaenda kuzishika. Papa Dieudo aliiweka moja begani, akafumba jicho, akaiweka na nyingine. Muuzaji wa ndevu nyekundu alikuwa ameshatuzoea. Kisha tulirudi kwake, anasonga bugali, anakaanga ndagala, nami namsomea kwenye simu maoni ya wawindaji wa dunia nzima. Nilikula kule kuliko nilivyokula kwetu. Aliniita petit, yaani mdogo. Hakuwahi kuniomba nimchekeshe.

Jumamosi moja akaweka kijiko chini, akasema moyo wake umetulia, atachukua Bukuru. Mimi nikapiga hesabu. Akishanunua, atakuwa na haja gani na mimi? Ataenda zake na mkulima wake, nami nirudi kwenye nyufa zangu...

Nikashika simu nikajifanya nasoma. Nikasema kuna mtu wa Norway analalamika, Bukuru yake ikinyeshewa inanuka mayai yaliyooza. Papa Dieudo alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema basi twende tukaitazame tena.

Mwezi uliofuata akaegemea Butoyi. Nikamsomea kuhusu Msabato ambaye Butoyi yake iligoma kulia siku ya Jumamosi. Alicheka tena, tukaenda tena. Hivyo hivyo, miezi minne! Nilijiona mjanja kuliko sungura.

Halafu ikaja siku ile. Yule wa ndevu nyekundu alimwona mzee akiinua mkono kwa shida, akaniuliza. Nikamweleza kwamba lile bega lilivunjika zamani, alipoanguka kwenye lori wakikimbia vita. Muuzaji akanigeukia, akasema polepole ili nisikose hata neno: achukue ya gesi. Ile nyepesi itamuumiza. Asiichukue kabisa.

"Petit, anasema nini?"

Niliwaza Jumamosi moja tu. Moja ya mwisho, kisha nitamwambia ukweli.

"Anasema kwa bega zote ni sawa tu. Turudi nyumbani tufikiri wiki moja."

Alhamisi wanafunzi wenzangu wakaniambia niende nao ufukweni Jumamosi. Mimi! Kwa mara ya kwanza! Nikamtumia Papa Dieudo ujumbe kwamba naumwa tumbo, nikaenda. Niliwachekesha mpaka mchana. Wakati wa kuondoka, gari la kaka wa mmoja wao lilikuwa na viti vitano, na wa sita ni mimi. Wakasema sharp, yaani poa, utapata taxi. Nikacheka nao... hata hilo niliwafanyia kichekesho.

Kwenye ngazi nikakutana na Papa Dieudo. Alikuwa anapanda kwetu na sufuria ya supu ya kuku, kwa ajili ya mgonjwa. Aliitazama miguu yangu yenye mchanga. Akanikabidhi supu.

Kisha akanipa habari. Alikuwa amekwenda dukani peke yake. Ndevu Nyekundu hakuwepo, alikuwepo kijana mwingine. Mzee akaonyesha kwa kidole Butoyi, kwa sababu ni nyepesi kubeba. Si nilisema kwa bega ni sawa?

Ningeweza kumwambia palepale. Bunduki ilibaki dukani miezi mingi ikingoja leseni, na kila siku ya miezi hiyo ilikuwa nafasi yangu. Nilikutana naye kwenye ngazi mara ngapi? Kila mara nilimsalimia nikapita. Nilijiambia labda bega limepona. Nilijiambia labda leseni itakataliwa.

Leseni ilitoka.

Siku ya kwanza ya visahani alinichukua nikaone. Alivaa koti alilojishonea mwenyewe, mifuko minne ya risasi. Nikakaa nyuma ya kamba. Kisahani cha kwanza kikapita salama. Cha pili kikapasuka vumbi, na mzee akanitafuta kwa macho huku anacheka kama mtoto. Cha tano nikaona anakunja uso. Cha tisa alikawia kuinua. Baada ya cha kumi na moja akaiweka bunduki mezani taratibu, na mkono wake wa kulia ukaning'inia kama mkono wa shati kwenye kamba.

Ndevu Nyekundu naye alikuwa amekuja kupiga visahani siku hiyo, na ndiye aliyekimbia kwanza kumsaidia. Alikuwa na hasira, lakini si kwa mzee. Alinitazama mimi, akasema nimuulize kwa nini alichukua ile, wakati yeye alishamkataza waziwazi.

Papa Dieudo akiwa amelishika bega, jasho linamtoka, akanigeukia.

"Petit, anasema nini?"

Wasomaji, mmewahi kutafsiri kosa lenu wenyewe kwa mtu mliyemkosea? Nilitafuta kichekesho, sikukipata. Nikatafsiri. Neno kwa neno.

Akafuta jasho kwa mkono mzima.

"Mayai ya kuoza, nilijua ni bongo, uongo tu. Msabato pia nilijua," akasema. "Nilinyamaza, juu na mimi nilipenda Jumamosi zetu. Lakini hii ya bega, petit... hii nilikuamini."

Daktari alisema asifyatue tena bunduki maishani mwake. Butoyi ilirudishwa dukani iuzwe. Koti la mifuko minne alilifumua, akashona mto wa kiti.

Nilimwomba msamaha, akasema amenisamehe, na naamini ni kweli. Lakini mlango haukugongwa tena. Jumamosi nasikia kupitia sakafu anarudia maneno ya Kiingereza na dada mmoja wa duka la simu, anayemfundisha.

Wiki iliyopita nikajikaza, nikashuka. Nikamuuliza kwa Kiswahili bega linaendeleaje. Akatabasamu, akanijibu kwa Kiingereza kwamba linaendelea vizuri, asante. Kila neno mahali pake.

Nilipanda ngazi nikiwa na kila kichekesho changu, sina wa kumpa.

Wewe unayemsomea mzazi au jirani barua, dawa, mkataba... nakuomba, usiongeze, usipunguze. Ukimtaka mtu akae nawe, mwambie tu kwamba upweke unakuuma. Mimi sikujua kwamba sentensi hiyo ingetosha. Papa Dieudo alikuwa ameshaitafsiri zamani kutoka kwenye vichekesho vyangu.