Sauti Kutoka Jikoni

Kila asubuhi, baada ya kuchota maji na kufagia mbele ya mlango wao, Celestine Onsongo aliketi kitandani na gitaa lake. Hakulipiga. Aliweka vidole juu ya nyuzi, akavihamisha huku na huku bila kutoa sauti. Katika ploti ile ya Keumbu vyumba vya kupanga vilibanana ukuta kwa ukuta, na mwenye ploti hakutaka makelele.

"Anayetaka muziki akatafute kwake," alikuwa amemwambia Celestine mbele ya wapangaji wengine.

"Basi tutatafuta," Celestine alimjibu, macho makavu.

Mama yake, Persis, alimvuta ndani haraka na kumgombeza. Lakini jioni, alipomsimulia baba kwa simu, alicheka mpaka akashika mbavu.

Na ni kweli, walikuwa wakitafuta. Baba, Walter Onsongo, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Nakuru. Mama aliuza ndizi sokoni Keumbu. Kwa miaka mingi walikuwa wameweka akiba ili wanunue nyumba yao wenyewe. Sasa Mjomba Machogu, kaka yake mama, ambaye alikuwa dalali wa mashamba na nyumba, aliwapatia moja kule Itumbe. Ilikuwa na vyumba vitatu, bati jipya, na mteremko wa majani chai mbele yake. Mama aliiona mara moja akaipenda. Mwenye nyumba, Mzee Mokua, alimwambia kwamba mkewe amekubali iuzwe na ameshahamia Nairobi kwa watoto wao.

Kilichobaki ni neno la baba, naye hakupata ruhusa kazini.

"Nitumieni video," alisema kwa simu. "Nataka kuona kila pembe. Nikiridhika, tuandikishane."

Mpiga video hakutafutwa mbali. Celestine alikuwa katika chama cha filamu shuleni, na mwalimu wao, Bi. Nyasani, alipenda kusema kwamba msichana huyo ana jicho la picha. Jumapili alasiri Mjomba Machogu alimpeleka Itumbe pamoja na rafiki yake Joyline, aliyekuja kumsaidia.

Celestine alipiga picha za sebule, za vyumba, za dirisha lililotazama mashamba ya chai. Alipofika chumba cha mwisho alinong'ona, "Joyline, hiki ni changu." Moyoni alishaanza kupanga pa kuweka kitanda.

Mjomba na Mzee Mokua walikuwa langoni wakizungumza. Celestine akazunguka nyuma ya nyumba, simu ikiendelea kurekodi, maana baba alisema kila pembe. Huko kulikuwa na jiko la udongo, na ndani yake mtu alikuwa akiimba kwa Ekegusii, lugha ya kwao, polepole, kwa sauti nzito. Celestine alisimama mlangoni. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya ndizi.

Wimbo ukakatika. "Nyinyi ni watoto wa nani?"

"Shikamoo, mama. Sisi tu... tunakuja kununua nyumba hii."

"Inauzwa na nani?"

"Mzee Mokua."

Yule mama aliweka kisu chini, akasimama. "Mimi ni Nyanchoka, mke wa Mokua. Matofali ya nyumba hii niliyafyatua mwenyewe nikiwa na mimba ya kifungua mimba wangu. Nilienda Nairobi kumuuguza binti yangu. Nimerudi, nakuta kufuli mlangoni kwangu. Nalala hapa jikoni. Hakuna aliyeniuliza kama nauza."

"Mama, simu inarekodi," Celestine alisema kwa woga.

"Inarekodi? Vizuri!" Nyanchoka aliitazama simu usoni. "Nasema siuzi. Anayetaka kuingia humo atapita juu yangu."

Mkono wa Mjomba Machogu ulitokea ghafla ukaifunika simu. "Twende!" alisema.

Walipofika barabarani alimgeukia Celestine. "Hiyo sehemu ya jikoni utaikata," alisema. "Mahali pake weka gitaa lako, ipendeze."

"Lakini mjomba, yule mama anasema—"

"Amegombana na mumewe. Hayo ni mambo ya wakubwa. Wewe unataka chumba chako, au hutaki?"

Celestine alikitaka. Alikitaka kuliko kitu chochote.

Siku iliyofuata, baada ya masomo, walikaa kwa kina Joyline kuitengeneza video. Celestine aliikata sehemu ya jikoni na kuweka muziki wa gitaa alioupiga mwenyewe hapo hapo. Ikatokea nzuri ajabu. Waliitazama mpaka mwisho.

"Imekubali!" Joyline alisema. "Itume."

"Yule mama hayumo."

"Si filamu zote hukatwa? Hata Mwalimu Nyasani hutukatia."

"Hutukatia tukikosea maneno. Yule mama alikosea neno gani?"

Celestine aliitazama tena ile nyumba isiyo na mtu. Akairudisha sehemu ya jikoni, akaondoa muziki wote.

Mjomba Machogu alifika jioni. Alitaka kuiona video kabla haijatumwa. Waliketi watatu, yeye, mama na Celestine. Vyumba vikapita, dirisha likapita, kisha wimbo ukasikika. Mjomba aliruka kama aliyekalia moto.

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nikate. Sikukata."

"Persis, unamsikia mtoto wako?"

"Celestine," mama alisema kwa ukali, "mheshimu mjomba wako."

"Namheshimu, mama. Lakini simdanganyi baba kwa ajili yake." Hakuinamisha kichwa. "Mkitaka video isiyo na yule mama, pigeni yenu. Hii ni yangu na haikatwi!"

"Mama gani?" Persis aliuliza. "Hebu nipe hiyo simu."

Alisikiliza maneno ya Nyanchoka yote. Aliporudia mara ya pili, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Machogu, ulijua?"

"Dada, haya mambo huisha. Mkishaingia, atazoea."

"Nimekuuliza, ulijua?"

Mjomba alitazama sakafu.

"Tuma, Celestine," mama alisema. "Tuma akiwa hapa hapa."

Haukupita muda mrefu, simu ikalia. Mama aliweka sauti kubwa.

"Nimeona kila pembe," baba alisema. "Shemeji Machogu, nyumba ya ndoa haiuzwi mke akiwa hajakubali. Sheria imekataa, na mimi nimekataa. Tungeingia leo, kesho tungetolewa, na aliyetutoa angekuwa na haki."

Mjomba aliondoka bila kuaga. Alikaa miezi mingi bila kukanyaga kwao, na baadhi ya jamaa walisema Celestine ni mtoto asiyejua kufunga mdomo. Maneno hayo yalimuuma. Hata hivyo, hakuna aliyemsikia akiomba msamaha.

Mama hakuishia hapo. Alikwenda na Celestine hadi Itumbe, wakamtafuta Nyanchoka, nao wote wakaenda kwa chifu na ile video. Mzee Mokua aliitwa. Alibisha, lakini alipomsikia mkewe kwenye ile video, mbele ya wazee, alikubali kwamba alitaka kuuza kwa siri. Siku hiyo hiyo kufuli lilifunguliwa, na Nyanchoka akarudi nyumbani kwake.

Mwaka uliofuata akina Onsongo walinunua nyumba Birongo. Ilikuwa ya vyumba viwili tu, kuta hazijapigwa lipu, na ukuta mmoja wa jikoni ulihitaji kujengwa upya. Siku ya kuandikishana, mume na mke waliouza walikuja pamoja, na baba hakuweka saini mpaka alipomuuliza mke mwenyewe, "Mama, umekubali kwa moyo wako?" Mama huyo alicheka, akasema hajawahi kuulizwa hivyo.

Siku ya kuhamia, Mjomba Machogu alikuja na mkungu wa ndizi begani. Alisimama nje kwa muda kabla ya kubisha. Mama alimkaribisha, akampa chai. Mjomba alipomaliza kikombe, alimgeukia Celestine.

"Ulinitia aibu," alisema.

"Ulitaka nidanganye, mjomba," Celestine alijibu.

Ndipo baba alipoongea.

"Celestine, wakubwa ni wa kusikilizwa, na hilo halibadiliki. Lakini mkubwa akikutuma uongo, mkatalie. Mkatalie usoni, bila matusi, na usimsengenye kisogoni. Ukweli una gharama. Ulikugharimu chumba, na ulitugharimu sisi mwaka mzima. Lakini hapa tulipo, hakuna mtu anayelia nje kwa sababu sisi tumeingia ndani."

Mjomba Machogu alitikisa kichwa taratibu kukubali. Kisha akavua koti, akakunja mikono ya shati, akauliza, "Ule ukuta wa jikoni tunaanza kuujenga saa ngapi?"