Kompyuta Iliyosahau Tarehe

Kila jioni, kabla ya kufunga ofisi, Mama Restituta alifanya mambo matatu. Alizima kompyuta. Alichomoa waya ukutani. Kisha aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Wakati wa mvua, radi za Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, hazina mzaha. Mwaka juzi moja iliunguza televisheni ya jirani kabla mwenyewe hajamaliza ishara ya msalaba.

Restituta alikuwa katibu muhtasari wa shule ya sekondari. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa na umri wa wanafunzi wake. Kwenye kioo aliweka picha ya binti yake, Dorah, siku ya Kipaimara kanisani. Sasa Dorah alikuwa kidato cha nne hapohapo shuleni.

Wiki ile Restituta alikuwa akisajili watahiniwa kwenye tovuti ya mitihani. Alikwisha kuwaingiza wote isipokuwa watano. Dorah alikuwa mmoja wa hao watano. Mama yake alimweka mwisho makusudi, watu wasije wakasema anaanza na wa kwake. Basi Jumatano asubuhi tovuti ikakataa kufunguka. Usajili ulikuwa unafungwa Alhamisi jioni.

"Mama, jina langu umeshaliingiza?" Dorah aliuliza mchana, akiwa amesimama mlangoni.

"Bado."

"Na isipofunguka?"

Mama yake alibofya tena; tovuti ikagoma. Wote wawili walijua: asiyesajiliwa angengoja mwaka mzima. Restituta alijilaumu. Uungwana wake ulikuwa unamponza mtoto.

Fundi alikuwa Mbinga mjini, na mto ulikuwa umefunika daraja. Picha na taarifa zote za watahiniwa zilikuwa ndani ya kompyuta ile. Alhamisi asubuhi Restituta aliona haya, lakini akapiga simu. Kuuliza si ujinga.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya Mektilda, fundi wa kompyuta.

"Marahaba mwanangu. Nimekwama, na wewe huwezi kufika."

"Naweza kufika bila kupita darajani. Kuna programu inayoniwezesha kuona kioo chako na kushika mausi yako nikiwa huku. Intaneti unayo?"

"Natumia ya simu."

"Inatosha."

Mektilda alimtajia anwani ya watengenezaji wa programu. Alimwonya asiichukue kwingine, kwa kuwa programu za kuokota huja na virusi. Restituta aliipakua kwenye simu, akaihamishia kwenye kompyuta kwa waya. Alipoifungua, kompyuta ikasema haiwezi kuiendesha.

"Umechukua toleo jipya," Mektilda alisema. "Mashine yako ni ya zamani. Shuka chini ya ukurasa, kuna toleo la kompyuta za zamani."

Mara hii programu ilifunguka. Lakini chini yake yakatokea maandishi mekundu: hakuna muunganisho. Restituta aliizima na kuiwasha. Wapi.

"Intaneti ipo," alisema. "Barua pepe za kwenye simu zinaingia vizuri."

"Mama, tazama kona ya chini, kulia. Saa inasema nini?"

"Saa saba kasoro usiku. Na mimi nimeshakunywa chai."

"Tarehe je?"

Restituta alisogeza miwani. "Mosi Januari, elfu mbili na tisa."

"Haya, tumempata mchawi. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo, kama kitufe cha koti. Ndiyo inayotunza saa umeme usipokuwepo. Yako imekufa. Ukichomoa waya jioni, kompyuta inasahau tarehe. Asubuhi inaiambia tovuti kwamba ni mwaka elfu mbili na tisa, na tovuti haiiamini. Programu yangu pia haiiamini."

"Kumbe nisichomoe?"

"Chomoa, mama, radi ipo. Tutabadilisha betri. Leo bofya hiyo saa, urekebishe tarehe, mwezi na mwaka."

Alirekebisha. Akafunga programu, akaifungua tena. Maandishi mekundu yakatoweka, zikatokea namba mbili: ya kompyuta na ya siri. Alimsomea Mektilda polepole. Kioo kikauliza kama anamruhusu mgeni. Akabofya ndiyo, kisha akasukuma kiti.

"Nakupisha ufanye kazi," alisema.

"Hapana, mama, usitoke. Mgeni akiingia stoo yako, unamwacha peke yake?"

"Simwachi."

"Basi kaa. Nikigusa kitu ambacho hatujakubaliana, bofya pale pa kukata. Namba ya siri mpe mtu uliyempigia wewe mwenyewe. Anayekupigia yeye na kukuomba, mkatalie, hata akitaja jina langu."

Ghafla picha ya Dorah ikatoweka. Kioo kikabaki cheusi. Restituta alidhani kila kitu kimefutika.

"Usiogope," Mektilda alisema. "Programu imeificha ili mambo yaende haraka. Itarudi."

Mshale ukaanza kutembea wenyewe, na mikono ya Restituta iko mapajani. Ulikwenda kwenye tovuti. Tovuti ikafunguka. Mektilda alipunguza ukubwa wa picha za watahiniwa zilizokuwa nzito, kisha akamwachia mausi mwenyeji.

"Ingiza wewe, mama. Mimi naangalia tu."

Restituta aliingiza majina. Walipobaki wawili, aliona bado anamweka Dorah mwisho. Akacheka peke yake, akaanza na Dorah.

Saa nane mchana walikuwa wamemaliza. Mektilda aliaga, Restituta akabofya pa kukata. Picha ya Kipaimara ikarudi kiooni. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wiki iliyofuata maji yalipungua. Betri ilikuja kwa basi, Restituta akaiweka akielekezwa kwa simu, kisha akarudisha shukrani ya kifurushi cha usipa wakavu, dagaa wa ziwani kwao. Jioni bado alichomoa waya na kufunika kitambaa. Asubuhi kompyuta iliijua siku.

Siku moja mtu asiyemjua alimpigia. "Mimi msaidizi wa fundi Mektilda. Naomba namba mbili za kompyuta niikague."

"Ahsante, baba," Restituta alisema kwa adabu zote. "Fundi nikimhitaji, nitampigia mwenyewe."

Akakata simu, akaendelea kuchapa.