Bamba la Shaba la Zahanati

Zenaida Pupo, mfua nguo wa zahanati mjini Bayamo, alikutwa amekufa saa moja asubuhi kando ya mashine ya kufulia. Sakafu ilikuwa maji matupu. Kiganja cha kulia kilikuwa na alama nyeusi ya kuungua.

Inspekta Odalys Quevedo alimwita fundi umeme hata kabla daktari hajamaliza uchunguzi. Fundi akaeleza kuwa mashine ile ilivujisha umeme miaka mingi, ila waya wa ethi uliupeleka ardhini, isimdhuru mtu. Sasa waya umekatwa, na leo ndiyo mara ya kwanza mashine kuwashwa tangu juzi. Wakafukua nyuma ya ukuta. Bamba refu la shaba lililofukiwa pale kuupokea waya huo halikuwepo. Udongo ulikuwa mbichi, umesawazishwa kwa kiatu.

Wenye watoto wanaopenda kuokota vyuma na wasome hadi mwisho.

Wanunuzi wote wawili wa vyuma chakavu waliapa hawajaletewa shaba wiki nzima. Basi haikuuzwa. Imetumika. Na nani anahitaji shaba bapa, ndefu namna ile? Odalys akakimbilia kwa Fermín, mzee fundi kereza, anayetengeneza injini za magari ya zamani; chini ya hedi, yaani kifuniko cha injini, huwekwa gasketi, kizibo bapa kinachoweza kukatwa kwa shaba.

"Umekuja kunikamata, afande, au hilo gari lako la Kirusi limekataa tena?"

"Leo nina maiti, mzee. Nani kakuuliza gasketi ya shaba?"

Mzee akaacha kucheka. Akatoa kwenye ndoo ya mabaki visahani sita vya shaba, vimekatwa duara kutoka matundu ya gasketi, kimoja kwa kila silinda. Silinda sita. Mtaa mzima magari ya zamani yalikwishavalishwa injini za dizeli za silinda nne. La silinda sita lilibaki moja tu, Shevrole ya mwaka 1953.

Fermín akasema mwenye gari alikuwa na gasketi mpya ya dukani, lakini nyembamba. Hedi ya gari lile imekwanguliwa mara tatu, imepungua unene. Ukiweka nyembamba, mgandamizo unazidi na gasketi inaungua njiani. Yeye ndiye aliyemshauri atafute shaba ya milimita mbili, aipashe moto mpaka iwe nyekundu, aizamishe majini ilainike. Jana asubuhi jamaa akaja na bamba limeota kutu ya kijani.

"Jamaa gani?"

"Dariel." Akavirudisha visahani ndooni. "Mtoto wa Zenaida."

Shevrole ilikuwa mlangoni kwao, imeoshwa inang'aa. Dariel alikaa ndani, mikono juu ya usukani, waombolezaji wakimpita.

"Nilikata mimi, afande," alisema kabla hajaulizwa. "Tulipochimba mtaro wa maji nyuma ya zahanati niliiona hiyo shaba. Nikadhani takataka ya zamani."

"Na waya? Hukujiuliza unakwenda wapi?"

Akaeleza kuwa mama yake alikuwa hajamwona mjukuu wake wa kwanza, kule Camagüey, miezi minne sasa. Mabasi yamejaa. Kila Jumapili anauliza gari limefikia wapi.

"Nilikuwa na haraka," Dariel alisema. "Jana jioni likawaka mara moja, halitoi moshi. Mama akacheza hapa uani. Akaniambia ngoja nifue zile za asubuhi tu, mwanangu, kisha tuondoke."

Mkoba wa Zenaida ulikuwa kwenye kiti cha nyuma, umefungwa zipu, juu yake soksi mbili ndogo za kufuma.

Odalys alitoa pingu. Dariel alinyoosha mikono mwenyewe.