Mama Sabuni na Neno Refu

Enzi zile Mama Sabuni alikuwa anafua mashuka ya hospitali. Mvuke, ndoo, mgongo kuuma, ndiyo siku yake hiyo. Dawa alizijua kwa vifuniko: cha bluu, dawa ya sakafu; chekundu, dawa ya madoa. Basi zikaja chupa mpya, vifuniko vyote vyeupe! Akabahatisha. Mashuka ya kijani yakatoka na mabaka.

"Jamani, Mama Sabuni!" alisema msimamizi. "Nilitaka nikupe kazi ya stoo, upumzishe mgongo. Lakini stoo ni kusoma. Ijumaa utanisomea chupa. Ukishindwa, nampa mwingine."

Jioni alimpelekea jirani yake chupa tupu. Jirani huyo alikuwa mwalimu mstaafu, sasa anashona nguo.

"Dada, neno gani hili? Di-si-ni-fe-ka-ta-nti. Ulimi umechoka!"

Mwalimu alicheka. "Mdogo wangu, hapo umesoma Kiswahili. Kiingereza hakigawanywi hivyo. Mimi nikifumua gauni, nakata wapi?"

"Kwenye mshono."

Mama Sabuni akamkumbuka marehemu mama yake, akifumua gauni lake kuukuu amshonee bintiye sare. Sare ile aliivaa miaka miwili tu, shule ikakoma. Machozi yakamlenga.

"Lia kwanza, halafu tuendelee," alisema mwalimu. Akalifunika neno kwa kidole, akalifunua kipande kipande. "Dis. In. Fec. Tant. Gonga meza kila kipande."

Wakagonga mara nne.

"Sasa maana, tukate kwenye mshono. 'Dis' hapa huondoa. 'Infect' ni kuambukiza. 'Ant' ni kile kinachofanya kazi hiyo."

"Kumbe ni dawa ya kuondoa maambukizi!"

"Haswaa!"

Waligonga meza kila jioni kwa vipande vya maneno mapya, wakicheka mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Ijumaa, Mama Sabuni alilisoma neno lile bila kukwama. Kisha akaigeuza chupa. Nyuma palikuwa na neno jingine, "reusable", hajawahi kuliona. Akaweka kidole.

"'Re' ni tena. 'Use' ni kutumia. 'Able' ni inawezekana." Akainua uso. "Bosi, chupa hizi zinatumika tena."

"Lo! Na sisi tunazitupa tu!" Msimamizi alimkabidhi ufunguo wa stoo. Kisha akashusha sauti. "Huyo mwalimu wako... na mimi atanipokea?"

Jioni ile meza iligongwa na watu watatu. Mpaka leo Mama Sabuni husema hajapata kucheka tena vile.